Kutembea kwa Miguu Kaskazini mwa Pemba: Konde, Ngezi, Kigomasha na Tumbe

Vijia vya Pemba havina vibao. Hutaona mshale uliopakwa rangi kwenye mti wala jiwe lenye namba ya kilomita. Kila kijia kimechimbwa na nyayo za watu wenye shughuli zao: mchumaji wa karafuu na kamba yake begani, watoto wanaokatiza kwenda skuli, mwanamke anayeshuka bondeni kupalilia mpunga, mtu anayehamisha ng'ombe wake kabla jua halijawa kali. Ukitaka kutembea kisiwani kwetu kwa raha ya kutembea tu, utazitumia njia hizo hizo, na utazitumia kwa adabu ya mtu anayepita kwa wenyewe.

Nilikuwa bibi shamba katika wilaya ya Micheweni mpaka nilipostaafu. Kazi ile haifanyiki garini. Mkulima yuko nyuma ya kilima, na kilima hakina barabara. Ndiyo maana nazijua njia za kaskazini, kuanzia Konde kuelekea msitu wa Ngezi hadi mnara wa Kigomasha, na upande wa pili hadi Tumbe. Siku hizi huwatembeza vijana wa ukoo wetu wanaokuja likizo kutoka bara, na jamaa wa Unguja wanaofika mara ya kwanza na kushangaa kuona nchi imejaa vilima. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kabla hatujatoka nyumbani.

Angalia udongo kabla ya ramani

Ramani ya simu itakuonyesha barabara ya lami na baadhi ya njia za kifusi. Vijia vyetu vingi havimo, na ukishuka bondeni mtandao nao huondoka. Udongo hauondoki. Wakulima wa Zanzibar wanaupambanua kwa majina yake, na kila aina ina mwendo wake.

Kinongo ni ule mwekundu wa vilimani. Kilele cha juu kabisa cha Pemba hakifiki mita 120 kutoka usawa wa bahari, lakini usikidharau kisiwa kwa hilo. Magharibi na katikati ni kilima, bonde, kilima, bonde, na mwisho wa safari ya saa tatu mapaja yatakueleza. Kinongo kikavu ni kigumu na kinapendeza kukanyaga. Kikilowa kinateleza kama sabuni, hasa kwenye mteremko wenye kivuli cha mikarafuu ambako jua huchelewa kufika. Hapo shuka upande-upande, piga kisigino kwanza, na uwe na fimbo. Fimbo iombe nyumba ya jirani. Usikate tawi la mti usioujua mwenyewe.

Kinamo ni udongo mzito wa mabondeni, unaoshika maji, na ndiko kunakolimwa mpunga. Hapa nakuomba usome taratibu. Njia ya kuvukia bonde ni kingo za majaruba, vile vituta vinavyozuia maji yasitoke. Pita mmoja mmoja, katikati ya tuta, wala msisimame wengi pamoja kupigana picha. Tuta likibomoka maji ya jaruba zima huteremka kwa jirani, na yule mama aliyeinama pale ataipoteza kazi ya wiki nzima. Nimekaa na wakulima waliolia kwa tuta moja. Ikiwa umelibomoa hata kidogo, simama, chukua tope kwa mikono, liziba, kisha mtafute mwenye jaruba umwambie. Kijito kikikatiza bonde, mara nyingi kuna ulalo, gogo la mnazi lililolazwa toka ng'ambo hii hadi ile. Vua viatu vyenye nyayo laini kabla ya kukanyaga gogo lililoota ukungu. Miguu mitupu hushika vizuri zaidi.

Kichanga utakikuta karibu na pwani, chini ya minazi na kwenye mashamba ya muhogo. Hakina hatari ila kinachosha mashavu ya miguu, na kuanzia saa tano kinaunguza.

Uwanda ndio unaowatesa wageni. Ni ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale, iliyoenea upande wa mashariki na kuzunguka Micheweni, na udongo wake umejificha katika vishimo baina ya mawe. Mawe yana makali. Kandambili hukatika, makubadhi hupinduka, na ukianguka unaanguka juu ya visu. Vaa viatu vilivyofunga kifundo, vyenye soli nene, na ukitaka kutazama ndege au mandhari simama kwanza. Usitazame juu huku unatembea.

Na ukipotea, panda. Huku kwetu nyumba nyingi zimejengwa migongoni mwa vilima na njia kubwa hupita huko huko juu. Vijia vinavyoteremka vinakwenda kwenye maji au shambani na mara nyingi huishia hapo hapo. Mgeni aliyepotea hupenda kuteremka kwa sababu ni rahisi, kisha anajikuta kwenye matope ya mikoko jua linazama. Panda mpaka usikie jogoo, kinu au mtoto analia, halafu piga hodi.

Miezi na saa

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, acha. Mabonde yamejaa, malalo yamezama, kinongo hakishikiki, na wakulima wako kazini kuliko wakati wowote. Miezi mizuri ni ya kipupwe, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma na hewa kuwa ya baridi kidogo. Kuna mvua za mchoo katikati yake, lakini hupiga na kupita. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, njia ni kavu ila joto ni kali; ukitembea miezi hiyo toka mapema zaidi. Vuli inaponyesha, Oktoba hadi Disemba, chagua siku kwa siku.

Toka baada ya sala ya alfajiri, mara tu unapouona mguu wako vizuri. Kufikia saa nne uwe umemaliza sehemu ngumu. Adhuhuri pumzika, endelea baada ya alasiri. Huku jua likizama giza halikawii, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni uwe tayari kwenye barabara ya lami. Ijumaa mchana vijiji hutulia kwa sala na huwezi kupata mtu wa kukuelekeza mpaka watu watoke msikitini. Panga safari fupi siku hiyo. Ramadhani inawezekana kutembea, ila usile wala kunywa mbele za watu, hata kama wewe hufungi.

Nguo na mkoba

Suruali ndefu au gauni refu lenye suruali ndani, mikono iliyofunikwa, kofia au mtandio. Heshima ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni upupu. Huota pembezoni mwa vijia, na maganda yake yakikauka wakati wa kiangazi, vinyweleo hupeperuka na upepo hata kama hujaugusa. Ukikupata usijikune wala kujipangusa kwa kiganja, utaueneza. Paka tope bichi, liache likauke, libandue pamoja na vinyweleo vyake, kisha ndipo uoge. Wako pia majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mikarafuu na miembe kuwa viota. Usiegemee shina kabla ya kulitazama. Wala usikae chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake kinakuita.

Maji chukua lita mbili kwa mtu, kwa sababu baada ya Konde maduka ni machache na kwenye ufuo wa Vumawimbi hakuna kabisa. Kanga moja ya ziada hufaa kwa kila kitu: kukalia, kujifunika, kufungia mguu ulioteguka. Chakula cha njiani kinunue Konde asubuhi, maandazi na muhogo wa kuchemsha vinatosha. Takataka zako rudi nazo.

Salamu ndiyo ruhusa

Mpwa wangu anayeishi Uingereza hunieleza kuwa huko mashambani njia za miguu zina haki ya kisheria. Zimeandikwa kwenye ramani rasmi za serikali za mitaa, na mshale wa manjano kwenye nguzo unakuonyesha pa kupita hata katikati ya shamba la ngano la mtu binafsi. Mwenye shamba hawezi kukuzuia, na wewe huwajibiki kumwambia neno. Ni utaratibu mzuri na umewasaidia kuhifadhi njia zao za zamani. Kwetu njia inahifadhiwa na vinywa. Anayeijua ni yule mzee aliyekaa barazani, na anayekuruhusu ni yeye huyo huyo, kwa kuitikia salamu yako.

Basi salimu kila mtu. Usichague. "Assalaam alaykum" inatosha popote, saa yoyote. Mzee mpe shikamoo, simama kabisa ukiitoa, usiitupe huku unatembea. Asubuhi wanawake wataifurahia sabalkheri. Ukifika nyumba ambayo kijia kinapita uani kwake, piga hodi hata kama unaona njia wazi. Hodi tatu bila jibu, rudi nyuma na utafute njia ya kuzunguka, maana huenda wanawake wa nyumba ile hawajajiandaa kuonekana na mgeni.

Utaulizwa: "Unakwenda wapi? Unakwenda kwa nani?" Wageni wengine hukasirika, wanaona wanachunguzwa. Sivyo. Mtu anayepita bila pa kwenda huwatia watu wasiwasi, na jibu la "natembea tu" haliondoi wasiwasi huo. Taja mahali na taja saa: "Nakwenda Vumawimbi, alasiri nitapita tena hapa." Jibu hilo linakulinda. Ukichelewa, watu kumi njiani wanajua ulikuwa unaelekea wapi na wa kwanza kukutafuta watakuwa wao. Ukiwa unataka kulala kijijini au kuzunguka shehia kwa siku kadhaa, nenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa shehia hiyo, ujitambulishe, kisha ukimaliza pitia tena umwambie umerudi salama. Wanawake wenzangu, tembeeni wawili au zaidi. Hatari si nyingi. Ila mkiwa wawili mtakaribishwa jikoni, na jikoni ndiko habari za njia ziliko.

Unapouliza njia, usimwonyeshe mtu kidole na kusema, "Kigomasha ni huku, sivyo?" Kwa ukarimu atakuitikia ndiyo. Uliza wazi: "Njia ya Kigomasha ni ipi?" Kisha muulize mtu wa pili mbele kidogo. Na "karibu tu, hapo" la mkulima wa Pemba huenda likawa mwendo wa saa nzima. Muulize badala yake kama utafika kabla ya adhuhuri. Hilo atakujibu sawasawa.

Watoto watakufuata. Zungumza nao, watanie, waulize majina ya miti, wanayajua. Pesa na pipi usigawe njiani. Picha za watu omba kwanza, na ukikataliwa shukuru na upite.

Wakati wa karafuu

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi kile, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku kwetu. Ndiyo sababu vijia vingi vya vilimani hupita chini ya mikarafuu, na ukitembea msimu wa mavuno utakuta nchi nyingine kabisa: ngazi na kamba juu ya miti mirefu, watu wamekaa kwa duara usiku wakichambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, na majamvi yametandikwa kila penye jua.

Majamvi hayo mara nyingine hutandikwa pembezoni mwa njia, hata barabarani. Usiyaruke, usiyakanyage, zunguka. Kivuli chako hakidhuru kitu, lakini vumbi la viatu vyako linadhuru. Mvua ikianza ghafla na ukaona mtu anakimbilia jamvi lake, weka mkoba chini umsaidie kukunja. Karafuu zilizolowa zinaweza kuharibika, na hapo huna haja ya kuombwa.

Usiokote karafuu chini ya mti, hata moja ya kunusa. Zile zilizodondoka huitwa mpeta na zina wenyewe, watu wanaziokota na kuziuza. Wala usinunue karafuu vijijini ukaziweka mkobani kama zawadi. Karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa linalofuatiliwa kwa ukali kisiwani. Mgeni mwenye mkoba mzito kwenye kijia cha pwani wakati wa msimu anaweza kusimamishwa na kupekuliwa. Fungua mkoba kwa upole na uendelee na safari. Na wachumaji walio juu ya miti usiwaite wala kuwasemesha kwa muda mrefu. Tawi la mkarafuu hukatika kirahisi, na kila msimu tunasikia habari za watu walioanguka. Mtu aliye juu anahitaji macho yake yote.

Konde hadi Vumawimbi

Hii ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote, na ukiwa na siku moja tu Pemba ya kutembea, ifanye hii. Boti za kutoka Unguja hushusha watu Mkoani, ndege hutua Chake Chake. Kutoka Chake kuna gari za Konde asubuhi na mchana. Lala Konde au Wete ili uanze mapema.

Kutoka Konde shika njia ya magharibi kuelekea Ngezi, kama kilomita nne hadi lango la msitu. Ukitaka kuzihifadhi nguvu panda bodaboda sehemu hii, hutakosa kikubwa: mashamba, nyumba, na mistari ya miti ya mpira. Ukipita kwenye miti hiyo usiguse vikombe vilivyofungwa kwenye mashina, ni utomvu unaokingwa.

Langoni jiandikishe, lipa kiingilio, na uchukue muongozaji. Msituni huingii kwenye vijia peke yako, na ni vizuri hivyo. Ngezi ni mabaki ya msitu mkubwa ambao zamani ulifunika sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa kabla ya mikarafuu kupandwa. Hifadhi ya msitu wenyewe ni hekta zipatazo 1,440. Muombe muongozaji akupitishe Njia ya Joshi, ni mzunguko mfupi wa saa moja na zaidi kidogo, na mwambie mapema unachotaka kuona ili asikukimbize.

Mwambie akuonyeshe mpapindi. Ni mti wa jamii ya minazi, mwembamba, wenye pingili kama mwanzi, na duniani kote huota kiasili Pemba tu. Jamaa zake wa karibu wako Bukini, yaani Madagaska. Tazama mivule mikubwa, weka kiganja kwenye shina la mmoja wao. Sikiliza ninga wa Pemba, njiwa wa kijani anayekula matunda juu kabisa, na utafute chozi wa Pemba kwenye maua. Wako na bundi wa Pemba, ila huyo ni wa usiku. Anayetaka kumsikia apange na waongozaji safari ya jioni. Ndege hawa, pamoja na yule mdogo mwenye duara jeupe kwenye jicho, hawapatikani penginepo. Mkondo wa Pemba uliotutenga na bara una kina kinachofikia mamia ya mita, na umetutenga kwa muda mrefu sana, hivyo viumbe vyetu vikashika maumbile yao.

Popo wa Pemba unaweza kuwaona msituni wananing'inia juu ya miti mirefu, wakubwa, wenye manyoya mekundu kichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kwa miti kukatwa. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, skuli zikafundisha, na leo wako kwa maelfu. Wapo Ngezi na wapo pia Kidike, upande wa kati ya kisiwa, ambako wanakijiji wenyewe hupokea wageni. Hawa popo ndio wanaosambaza mbegu za miti yetu ya matunda. Usipige kelele wala makofi ili waruke upate picha. Wakiruka mchana wanapoteza nguvu, na wenye watoto vifuani huweza kuwaangusha. Naona uchungu kila ninapoona mtu mzima anafanya hivyo.

Ukitoka msituni, njia inakufikisha kijiji cha Makangale. Uliza njia ya Vumawimbi, inaelekea mkono wa kulia, mashariki. Miti inapungua, kinongo kinakwisha, unaingia kichangani, na kabla ya kuiona bahari unaisikia. Ufuo ni mweupe na mrefu umepinda, na nyuma yake msitu. Wakati wa kaskazi mawimbi hupiga moja kwa moja. Oga pale wanapooga watoto wa wavuvi na si mbali zaidi. Wanawake waogelee na nguo zao. Ni ufuo wa watu wanaofanya kazi. Ukikuta wavuvi wanavuta nyavu, salimu, na ukipewa nafasi ya kushika kamba, shika.

Rudi kwa njia ile ile. Usijaribu kukatiza msitu kutoka pwani bila muongozaji.

Kigomasha na maji ya bahari

Ncha ya kaskazini magharibi ya kisiwa ni Ras Kigomasha, na juu yake umesimama mnara wa taa wa chuma uliojengwa enzi za Waingereza. Unaweza kwenda kwa njia ya ndani kutoka Makangale, kupitia mashamba na vichaka. Njia nzuri zaidi ni ya mchangani, upande wa magharibi kupitia Verani. Hii ya pili inategemea maji, na hapa sikubali mtu abahatishe.

Kwetu maji hupanda na kushuka kama mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika zipatazo hamsini. Kwa hiyo ukitaka kwenda kwa mchangani chagua siku za bamvua, ingia ufukweni maji yakiwa bado yanashuka, saa mbili hivi, ufike mnarani yakiwa chini kabisa, na urudi kwa njia ya ndani. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi saa nne ndipo maji yamejaa, na mchanga unaopita unakuwa mwembamba au haupo, umebanwa baina ya maji na miamba. Siku hizo pita ndani kwenda na kurudi. Kama huijui tarehe ya mwezi, muulize mvuvi yeyote; atakupa saa bila kutazama kitu.

Mnarani muombe mlinzi ruhusa ya kupanda, na umpe chochote kwa taabu yake. Ngazi ni nyembamba na chuma kimekula chumvi, panda mmoja mmoja. Ukiwa juu utaona jinsi maji ya magharibi yanavyogeuka meusi karibu kabisa na nchi, maana huko ndiko kina kinakoanza. Kwa sababu hiyo hiyo usiogelee kwenye ncha. Mikondo miwili inakutana pale na haimngoji mtu.

Tumbe na Chwaka

Kwa mwenye nusu siku tu, au mwenye wazazi wasioweza safari ndefu, njia ni ya mashariki kutoka Konde hadi Tumbe. Njia si ya milima. Fika Tumbe asubuhi uone madau na mashua yakishusha, na mnada wa samaki ukiendelea. Usisimame baina ya mnadi na wanunuzi.

Kisha uliza magofu ya Chwaka, au sema "kwa Haruni", utaeleweka. Yako mwendo mfupi kutoka kijijini, katikati ya mashamba. Tumbe ya kale ilikuwa mji mkubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, nao mji wa Chwaka ukasimama baada yake, mpaka karne ya 16. Utakuta kuta za msikiti, na makaburi, likiwemo linalotajwa kuwa la Haruni, ambaye masimulizi yanamhusisha na Mkama Ndume, yule mtawala wa kale wa Pujini, mashariki mwa kisiwa. Kuna na makaburi ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ya baadaye zaidi. Usipande kuta, chokaa yake imeshika kwa mamia ya miaka lakini haikutengenezwa kubeba miguu ya watu wazima wawili. Usiokote vigae. Kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti chochote. Ukikuta kitambaa au chetezo cha ubani kando ya kaburi, kiache kilivyo. Watu bado wanakuja hapa kuomba.

Mashamba yanayozunguka magofu ni ya muhogo na yana wenyewe, kwa hiyo kaa kwenye kijia. Kurudi Konde, ama utembee ama usimame barabarani usubiri gari. Gari za kwenda Chake na Wete huadimika jua linapoelekea kuzama, hivyo uwe kituoni Konde alasiri. Ukiwa umenunua samaki Tumbe, mwombe muuzaji akupasulie na kukutilia chumvi pale pale, kisha umfunge kwa majani ya mgomba kabla ya kumtia kikapuni. Chake ni mbali na gari hujaa.